Mzima wa Kulinganishia

Mama yangu hajawahi kupenda kutaja idadi ya watoto wake. Ukimuuliza ana watoto wangapi, anatazama pembeni na kukujibu, "Hawa unaowaona." Si ujeuri. Kwa watu wetu, Wasukuma tulioteremka na ng'ombe kutoka upande wa Shinyanga mpaka Kasekese, huku Katavi, mtoto hahesabiwi kwa namba, wala ng'ombe hahesabiwi, maana anayehesabu anaita shari. Baba alikuwa akisimama langoni jioni ng'ombe wakiingia zizini, anawatazama kwa rangi na kwa pembe, na akikosekana mmoja anajua ni yupi bila kusema hata moja, mbili. Nilikulia humo, nikaenda shule, nikaanza kuiona desturi hiyo ni ushamba, na siku nilipopaswa kuikumbuka nikawa nimeshaisahau.

Naanza na hilo kwa sababu kazi yangu mimi ni kuhesabu. Mama akiulizwa na majirani anasema, "Anatazama damu za watu kwenye kompyuta," na hajakosea sana. Damu ya mgonjwa inachukuliwa, inasafirishwa kwenye barafu, maabara inasoma vinasaba vyake herufi kwa herufi, kisha narudishiwa mafaili makubwa mno ambayo hakuna macho ya mtu yanayoweza kuyamaliza. Naiandikia kompyuta maagizo ya kutafuta humo herufi iliyobadilika, ile inayoweza kuwa imeleta ugonjwa. Ugonjwa wenyewe ni ule sugu wa kongosho.

Kongosho watu wengi hawalijui kwa jina. Sisi wafugaji tunalijua kwa macho: kile kinyama laini, cheupe-cheupe, kilichojibana nyuma ya tumbo la ng'ombe, ambacho nyumbani kilikuwa kinarushiwa mbwa. Kazi yake ni kutengeneza maji ya kusagia chakula. Maji hayo ni makali, na kwa mtu mwenye afya yanalala mpaka yafike kwenye utumbo ndipo yaamke. Kwa watu wachache, herufi moja tu ya vinasaba ikibadilika, yanaamka mapema, yakiwa bado ndani ya kongosho, na yanaanza kulisaga lenyewe. Miaka inapita, kongosho linajaa makovu na mawe, mtu anakonda, anapata sukari, na maumivu yanamkunja.

Pombe nayo inaleta ugonjwa huohuo, na huko ndiko kulikotoka balaa letu.

Baba alianza kukunjika nikiwa darasa la sita. Alikuwa akitoka mezani ghafla, anaenda kuchuchumaa nyuma ya ghala la mpunga huku amekumbatia tumbo, na sisi tulifundishwa tusimfuate. Alikuwa mzee wa kanisa. Kanisa letu halitaki pombe kabisa, hata ya msibani. Hospitalini Mpanda walimpiga picha, wakaona mawe kwenye kongosho, na tabibu akamuuliza mama, "Mzee anakunywa?" Mama akasema hapana. Tabibu akatabasamu kama anayemsamehe, akaandika kwenye daftari neno "pombe" na mbele yake alama ya kuuliza. Daftari lilipofika Kasekese, alama ya kuuliza ilikuwa imeshadondoka njiani.

Wazee wenzake walimwita wakamtaka atubu. Baba aliwauliza, "Nitubu nini?" Wakamtenga. Mtu aliyetengwa kwetu anakaa benchi la nyuma, haendi mezani pa Bwana, na akifa bila kurudishwa jeneza lake haliingii kanisani. Baba alikaa benchi la nyuma miaka minne, kila Jumapili, amenyoosha shingo. Alikufa nikiwa kidato cha tatu. Tulimzika nyumbani, karibu na zizi, bila mchungaji. Akina mama wachache walijaribu kuimba lakini hakuna aliyejua sauti ianzie wapi, na wimbo ukafia katikati.

Nilikasirika siku ile na sijawahi kupoa sawasawa. Watu wanaonijua wanasema nina mdomo. Ni kweli ninao, na ninaujua ulikotoka.

Nilipomaliza chuo Dar es Salaam nikaajiriwa kwenye utafiti huu, na niliposikia wanatafuta familia ambazo ugonjwa unarudi-rudi, niliomba nipelekwe Katavi. Nilisema najua lugha na njia. Sababu ya kweli sikuiandika kwenye barua. Sababu ya kweli ni kwamba mdogo wangu wa kiume, pekee niliyenaye, alikuwa ameshaanza kukunjika naye.

Mdogo wangu ni mwalimu wa kwaya. Hajasomea muziki popote. Amejaliwa tu sikio: anaweza kumsikia mtu wa safu ya tatu aliyepotea sauti, akamrudisha kwa nyusi bila kuacha kupunga mkono. Alipoanza kuumwa hospitali ilimuuliza swali lilelile, na kijiji kikakumbuka lilelile. "Mtoto wa nyoka," walisema. Wakamtenga. Kwaya ikapewa mtu mwingine, kijana mwenye kinanda kipya na sikio la gogo. Mdogo wangu akaenda benchi la nyuma, nadhani sehemu ileile aliyokaa baba.

Nilimkuta hapo mara ya kwanza niliporudi. Baada ya ibada tukatembea taratibu kwenda nyumbani, akaniambia, "Dada, mimi kuumwa nimezoea. Ila sitaki kuzikwa kama baba."

Nikamwambia, "Hutazikwa kama baba. Nipe damu yako."

Bosi wangu, mama mmoja makini aliyeko Dar, alipojua kwamba moja ya familia zangu ni yangu mwenyewe, alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, majibu yasimfikie mtu yeyote kabla yeye hajayapitia. La pili, nianze kwa kutazama jeni zinazojulikana kuleta ugonjwa huu, ndipo nichuje mengine. Nikasema sawa mara mbili.

Nilipanga chumba Mpanda mjini, si mbali na stendi. Kutoka hapo nilikuwa naenda kwa bodaboda vijijini, Litapunga, Sibwesa, popote palipokuwa na mgonjwa, na kila familia nilichora chati ya ukoo. Chati hizo zina taratibu zake: mwanamume ni mraba, mwanamke ni duara, mgonjwa unamjaza weusi, aliyekufa unampiga mstari. Ya kwetu niliichora nikiwa nimekaa na mama uani, akipepeta mpunga. Nilimuuliza kwa Kiswahili cha fomu, kama ninavyomuuliza mtu yeyote, "Mayu, umezaa watoto wangapi?"

Hakuacha kupepeta. "Nyie hawa."

Nikaandika wawili. Baba: mraba mweusi wenye mstari. Mdogo wangu: mraba mweusi. Mama: duara jeupe. Mimi: duara jeupe. Niliitazama nikaridhika. Chati yetu ilikuwa safi kuliko zote nilizokuwa nazo.

Sasa nieleze kosa langu, maana ndilo ninalolibeba. Binadamu wawili wakilinganishwa wana tofauti nyingi sana za vinasaba, na karibu zote hazina madhara. Ili kupunguza msitu huo unamweka mgonjwa upande mmoja na ndugu zake wazima upande mwingine, kisha unaiagiza programu: chochote alicho nacho mgonjwa ambacho hata mzima anacho, kitoe. Ni kazi ya chekeche. Kinachobaki juu ndicho cha kutazama. Kwa familia yetu niliweka wazima wawili wa kulinganishia, mama na mimi. Sikujiuliza hata dakika moja. Sikuwa nimelazwa maishani mwangu. Nilikuwa nakula, nasafiri, nagombana na watu kwa afya njema kabisa.

Na nilianza na chekeche. Mtandao wa pale chumbani ulikuwa wa kubembeleza, mafaili yaliyokwisha kuchujwa yalikuwa mepesi kuyavuta, na mimi nilikuwa na haraka. Jeni zinazojulikana nikazitazama baadaye, kwenye mabaki. Mabaki hayakuwa na kitu.

Nilirudia mara tatu kwa maagizo yaleyale, na kompyuta ikanipa jibu lilelile, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake. Mchana wa siku ya tatu mdogo wangu akapiga simu. Kwaya ya jirani ilikuwa inakuja mwezi ujao, naye alitamani awe amerudishiwa yake kabla ya hapo, akataka kujua kama atapata cha kuwaonyesha wazee. Nilitakiwa kumwambia asubiri bosi apitie. Nilikuwa nimechoka, nimenuna, nimejiona nimeshindwa, na nikamwambia.

"Hakuna kitu."

"Yaani kompyuta imesema sina?"

"Haijaona chochote."

"Basi itakuwa nini, dada?"

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofanya kazi yake. Nilimjibu, "Sijui mimi. Jiangalie labda, unachokula na unachokunywa huko."

Nilisikia kuku wakilia upande wake. Kisha akasema, "Sawa dada, asante kwa kazi," na akakata. Hakukata kwa hasira. Ningemjua kama angekuwa na hasira.

Wiki tatu baadaye mama akanipigia. Huwa hapigi, anabipu tu, kwa hiyo niliogopa. Akasema, "Mdogo wako ametubu."

Nilichukua bodaboda siku hiyohiyo. Nilimkuta amekaa kivulini mwa nyumba na madaftari ya nyimbo magotini, anapanga sauti. Kwaya yake ilikuwa imerudishwa. Alinikaribisha kwa furaha kabisa, na furaha hiyo ikanitia wazimu.

"Umetubu nini?" nikamuuliza kabla sijakaa.

"Pombe."

"Uliinywa lini?"

Akafunga daftari. Aliniambia kwamba baada ya simu yangu alikaa akawaza. Kama kompyuta ya dada imetazama ndani ya damu haikukuta kitu, basi kosa ni lake, ila hajui alilifanya lini. Alitafuta maishani mwake mwote akakumbuka togwa aliyokunywa msibani akiwa na kiu, mwaka aliooa. Labda ilikuwa imechacha. Akaenda kwa wazee kutubu togwa.

"Wakaikataa," akasema. "Wakasema togwa haiwezi kumfanya mtu hivi, niseme ukweli wote. Nikasema gongo. Wakauliza wapi, nikasema Sibwesa. Sibwesa kwenyewe sijui hata wanauzia nyumba gani."

Alijaribu kucheka. Mimi nilipiga kelele. Nilimwita mjinga, nikamwita mwoga, nikamwambia baba alikaa miaka minne nyuma ya kanisa kwa sababu ya neno ambalo yeye amelitoa bure mbele ya watu wote, na sasa wamepata uthibitisho kwamba hata baba alikunywa. Alikuwa ananisikiliza ameinamisha kichwa. Nilikuwa namgombeza mgonjwa kwa uongo niliomlazimisha mimi mwenyewe kuusema, na nilijua, na sikunyamaza.

Aliyeninyamazisha ni mama. Alitoka ndani na ungo mkononi, akasimama mlangoni.

"Usimgombeze. Mbona hata yule hakunywa."

"Yule nani? Baba?"

"Dada yenu."

Sikuwa na dada. Mdogo wangu naye alikuwa anamtazama mama kama mimi. Mama akakaa chini, akaweka ungo pembeni, na alipozungumza alikuwa anazungumza na ardhi.

Kabla yangu kulikuwa na msichana. Alikuja na wazazi wetu kutoka Shinyanga akiwa anatembea, alikuwa akiswaga ndama. Alipofika miaka saba alianza kushikwa na tumbo, anajikunja, anatapika, linaacha, linarudi. Walimpa dawa za minyoo, walimpa miti shamba. Alipokuwa na miaka tisa lilimshika siku nne mfululizo, na wakati huo hapakuwa na gari la kumfikisha Mpanda. Mimi nilikuwa nimeanza tu kusimama.

"Mayu," nikasema, "mimi nilikuuliza. Nilikaa hapa hapa nikakuuliza umezaa watoto wangapi."

"Uliuliza wangapi," akasema. "Ungeuliza nani alikufa kwa nini, ningekwambia. Namba sitoi, na wewe unajua sitoi."

Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu nikiwa mtoto, na nilikuja na kalamu na fomu nikaanza na swali ambalo mama yangu hawezi kulijibu. Familia za Kifipa na za Kibende nilizihoji kwa makini, nikizunguka, nikiuliza habari za kila mtoto na kila msiba. Ya kwetu niliiharakisha kwa kudhani naijua.

Halafu mama akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile. "Na wewe lilikushika, ng'wanawane, mwanangu. Ulipokuwa na miaka mitano hivi. Mwaka mzima. Nilikuwa nakulaza mapajani nakufunga kanga tumboni. Nikajua na huyu anaenda. Halafu likakuacha, na halijarudi. Sikutaka kulisema lisije likasikia."

Nilikumbuka. Sikumbuki maumivu. Nakumbuka maji ya mwarobaini, uchungu wake, na kanga yenye unyevu iliyobanwa mpaka nashindwa kupumua. Miaka yote nilidhani hayo yalikuwa minyoo, kama ya kila mtoto. Na nikiwa nimesimama pale uani nikaelewa nilichofanya. Nilikuwa nimeiagiza programu itoe kila kitu nilicho nacho mimi.

Nilirudi Mpanda kesho yake asubuhi, nikafungua kompyuta, nikalifuta jina langu kwenye orodha ya wazima. Sikuchuja kwanza. Nilianza na jeni zinazojulikana, kama nilivyoambiwa mwanzoni. Mafaili makubwa yalichukua mchana mzima, na mimi nilikaa kwenye kiti nikisikiliza wapiga debe wa stendi. Jibu lilipotoka lilikuwa mstari mmoja, kwenye jeni ya yale maji makali ya kusagia. Herufi moja mahali pa nyingine. Mdogo wangu anayo. Mama hana. Mimi ninayo.

Niliogopa kwanza kwa ajili yangu, na hilo linanitia aibu mpaka leo. Niliweka mkono tumboni kama vile ningeweza kuisikia. Ndipo nikamkumbuka yeye, na benchi, na Sibwesa, nikalia kwa sauti mpaka mwenye nyumba akaja kugonga mlango.

Wengine wanakuwa nayo herufi hiyo na hawaumwi, au wanaumwa kidogo utotoni basi. Wataalamu wote wanalijua hilo. Mimi nililijua, nimewahi hata kulifundisha. Nilimpigia bosi wangu nikamweleza yote, simu niliyompigia mdogo wangu ikiwemo. Hakunigombeza. Akasema tutachukua damu upya na itapimwa na maabara nyingine, kwa njia nyingine, na daktari atasaini, na safari hii sitafungua mdomo mpaka karatasi iwe mkononi. Nilisubiri. Sijawahi kusubiri hivyo. Karatasi ilipokuja ilisema kilekile.

Nilikwenda Kasekese Jumamosi. Nilimpigia mdogo wangu magoti, kitu ambacho mkubwa hamfanyii mdogo, nikamwomba msamaha, nikamsomea karatasi neno kwa neno. Aliomba aishike. Aliitazama muda mrefu, akafuatisha kwa kidole ule mstari wenye jina lake.

"Kwa hiyo sikunywa," akasema.

"Hukunywa."

"Nilikuwa nimeshaanza kuamini kwamba nilikunywa."

Nikamwambia kesho tunakwenda na karatasi kanisani. Akatikisa kichwa, na mpaka jioni alikuwa bado hajakubali. Alisema, "Dada, nimerudi. Nikifa leo naingia kanisani. Sasa unataka nisimame niwaambie kwamba nilipotubu nilidanganya? Hiyo si dhambi kuliko gongo? Watanitenga kwa hiyo." Kila nilichotaka kusema kilikuwa kwa ajili ya baba na kwa ajili yangu. Yeye ndiye angelipa.

Mama alikuwa jikoni na alisikia yote. Asubuhi nilimwona anamkamata jogoo mweupe, anamfunga miguu.

Kwetu baada ya mahubiri kuna nafasi ya shukrani, mtu mwenye jambo anasimama na sadaka yake na kusema alilotendewa. Mama alipita mbele na jogoo kwapani. Mchungaji akamkaribisha, "Karibu mama, tushukuru pamoja." Mdogo wangu alikuwa mbele ya kwaya, mkono umeshaanza kupanda kwa ajili ya wimbo wa sadaka. Akaushusha.

"Bwana asifiwe," mama akasema. "Nashukuru kwa watoto niliopewa. Nimezaa watano."

Akina mama wa Kisukuma waliokuwa karibu yangu walishtuka kwa sauti. Mmoja alijishika mdomo. Mama akaendelea, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa woga, si kwa aibu. Nilimwelewa: alikuwa anaogopa kwamba kwa namba ile anatuua sisi wawili tuliobaki.

"Watano. Wawili walikufa wachanga, kwa homa. Wa kwanza wangu alikuwa msichana. Alikufa na miaka tisa, kwa tumbo hili la baba yake, tumbo hili la mwalimu wenu wa kwaya. Na huyu msomi wangu hapa analo, liko ndani, kompyuta imeliona, daktari ameweka saini. Ni la kuzaliwa. Mwanangu alitubu gongo kwa sababu aliogopa kuzikwa bila mchungaji kama baba yake. Nyie mlimwogopesha. Kama amedanganya, mimi nimetubu kwa niaba yake." Akamweka jogoo chini. "Ila nawauliza, wazee. Yule wa miaka tisa, nani alimpa pombe?"

Mzee mmoja wa wale waliomtenga baba, sasa haoni vizuri, alisimama kwa kushikilia benchi akabaki amesimama, hajui aende wapi. Mchungaji alikuwa kijana, hakuwepo wakati wa baba. Alifunga kitabu chake taratibu. Akamuuliza mama, kwa adabu, anataka kanisa lifanye nini.

"Mje mumwimbie," mama akasema.

Walikuja siku hiyohiyo, si wote, lakini kwaya nzima na mchungaji na yule mzee akiongozwa mkono. Tulipita zizini mpaka kwenye kaburi la baba. Kwaya ikajipanga. Mdogo wangu alisimama mbele yao, amekonda, koti likimning'inia, akatafuta sauti ya kuanzia kwa mdomo uliofungwa.

Mama hakusimama hapo. Alipita kaburi la baba, akatembea hatua chache mpaka kwenye kile kiwanja kigumu nilichokuwa naanikia mpunga tangu nikiwa mdogo. Nimefagia pale mara ngapi sijui. Nimelala pale kwenye mkeka nikisoma vitabu vya shule. Akavua kandambili, akasimama pembeni yake.

"Anzeni na huyu, wa kwanza wangu," akasema.

Mdogo wangu akageuka, akatembea akasimama alipoonyeshwa, na kwaya ikamfuata. Kisha akainua mkono.